Sura ya Sita: Sentimita za Mwanzo

Kila msimu wa hija, ndege zinazotua Jeddah kutoka Afrika Mashariki huwa na wazee wachache wasioziweza ngazi. Hao hushushwa kwa gari la aina yake: chumba chenye madirisha kilichokaa juu ya lori, kinachopandishwa hadi usawa wa mlango, kikapokea kiti cha magurudumu, kisha kikateremka polepole. Kwa ndege kubwa mlango huo uko kama mita 5 kutoka ardhini. Ukiinama na kuchungulia chini ya chumba, mara nyingi utakuta vyuma vimepishana umbo la herufi X, vimeshikwa katikati na pini nene. Lori linalopandisha chakula cha abiria lina X hiyo hiyo. Ghala la mizigo iliyotoka Bandari ya Kiislamu ya Jeddah halikosi meza ya namna hiyo ya kuinulia shehena hadi usawa wa tela. Na huko Riyadh, ambako Metro yenye njia 6, stesheni 85 na kilomita 176 ilianza kubeba watu Desemba 2024, mafundi wa taa, wa viyoyozi na wa kamera hufika kwenye dari wakiwa wamesimama juu ya X tatu au nne zilizobebana.

Hiyo ndiyo lifti ya mkasi. Inaonekana kama mashine isiyo na siri: vyuma vichache, pini, kitu cha kusukuma. Kwa sababu hiyo inawaumbua wengi. Fundi akiambiwa atengeneze meza ya kuinua tani 1 hadi kimo fulani kwa sekunde 20, anachukua uzito, anazidisha kwa kimo, anagawanya kwa muda, anaongeza kidogo kwa ajili ya msuguano, na anakwenda dukani kununua mota. Meza inafungwa, mzigo unawekwa, swichi inabonyezwa. Mota inanguruma bila kuzunguka, swichi ya ulinzi inakatika, na meza iko pale pale. Hesabu yake ya kuzidisha na kugawanya ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba alipiga hesabu ya safari nzima, na mota haifi kwenye safari nzima. Inafia kwenye sentimita za mwanzo.

Tuchukue meza ya ghala, maana ina X moja tu. Nimeibuni mwenyewe kwa ajili ya sura hii, lakini vipimo vyake ni vya kawaida kabisa. Kila chuma kina urefu wa mita 2. Meza ikiwa imelala, vyuma vinafanya pembe ya nyuzi 10 na sakafu. Ikiwa imesimama hadi mwisho, nyuzi 50. Ncha za upande mmoja zimefungwa zisihame. Ncha za upande wa pili zina magurudumu madogo yanayotembea ndani ya reli. Silinda ya haidroliki inayavuta magurudumu hayo kuelekea upande uliofungwa, X inabanwa, na kwa kuwa chuma hakirefuki wala hakifupiki, meza haina pa kwenda ila juu.

Chini kabisa, upana wa X ni mita 1.97 na kimo ni mita 0.35. Juu kabisa, upana ni mita 1.29 na kimo mita 1.53. Kwa hiyo meza imepanda sentimita 118 na nusu, wakati magurudumu yametembea sentimita 68 tu.

Mzigo ni kilo 1,000. Sahani ya juu inayoubeba ina kilo 150. Vyuma vyenyewe vina kilo 200, lakini hivyo tunavihesabu nusu, kwa kuwa katikati ya kila chuma hupanda nusu ya kimo ambacho meza inapanda. Jumla tunayoinua kwa kweli ni kilo 1,250. Watu husahau sahani na vyuma; kwenye meza hii peke yake wangekuwa wamesahau robo tani.

Sasa kanuni yenyewe, nayo haihitaji jedwali la saini na kosaini. Kazi inayoingia kwenye mashine ndiyo inayotoka, ukiacha inayoliwa na msuguano. Magurudumu yakitembea sentimita 1 na meza ikapanda sentimita 5, basi silinda imefanya kwa sentimita 1 kazi ambayo uzito unaidai kwa sentimita 5. Lazima iwe imevuta kwa kani mara 5 ya uzito. Kwa X inayovutwa kwa ulalo wa sakafu namna hii, uwiano huo ni upana gawanya kwa kimo. Chukua utepe wa kupimia, pima upana, pima kimo, gawanya, zidisha kwa uzito. Basi.

Kwa meza yetu ikiwa imelala: 1.97 gawanya kwa 0.347 ni 5.67. Mara kilo 1,250, tunapata uvutaji wa tani 7.1. Kuinua tani 1 ya mzigo kunataka silinda ivute kama tani 7! Juu kabisa, uwiano umeshuka hadi 0.84, na silinda inavuta tani 1.05 tu, yaani pungufu ya uzito unaoinuliwa. Kutoka mwanzo hadi mwisho kani imepungua karibu mara 7. Aliyewahi kuchuchumaa kujitwisha gunia la mahindi kichwani anaijua tabia hii mwilini: magoti yakishavuka nusu, gunia ni lile lile lakini shida imekwisha.

Kitu kinachonivutia zaidi ni jinsi shida hiyo inavyopita haraka. Meza ikipanda sentimita 32 tu kutoka pale ilipolala, kani imeshuka kwa nusu. Baada ya hapo silinda inafanya kazi ya kawaida. Ukiweka saa ya presha kwenye bomba la mafuta utaiona sindano ikiruka juu mara tu pampu inapoanza, kisha ikishuka kwa kasi, kisha ikishuka polepole, huku mlio wa pampu ukilainika. Wenye uzoefu hawahitaji saa; wanasikiliza.

Tugeukie mwendo. Sekunde 20 kwa sentimita 118 na nusu ni wastani wa sentimita 6 hivi kwa sekunde. Wastani huo haupo popote kwenye safari, isipokuwa kwa kupita tu. Silinda inayolishwa na pampu ya mwendo mmoja hutembea kwa mwendo mmoja: sentimita 68 kwa sekunde 20, yaani sentimita 3.4 kwa sekunde. Lakini meza inapanda kwa mwendo wa silinda mara ule uwiano wetu. Chini, 3.4 mara 5.67 ni sentimita 19 kwa sekunde. Juu, 3.4 mara 0.84 ni pungufu ya sentimita 3. Katika sekunde 10 za kwanza meza inapanda sentimita 81 na ushei. Katika 10 za mwisho, sentimita 37. Mteja anayesema "inaanza vizuri halafu inachoka" hajaona ubovu wowote. Ndivyo jiometri ilivyo.

Kumbe uwiano ni mmoja na unafanya kazi mbili. Pale ambapo silinda inatakiwa kuvuta kwa nguvu kuliko kote, ndipo pia meza inapokimbia kuliko kote. Ni kama mashine imejichagulia gia kubwa wakati wa kupanda mlima na gia ndogo kwenye tambarare, kinyume cha dereva yeyote mwenye akili. Na uwezo wa mota, kilowati zake, ni kani mara mwendo.

Hebu tuione kwa tarakimu. Kwa wastani wa safari nzima, meza inahitaji wati 727. Ukikubali kwamba robo ya umeme itapotea kwenye pampu, mabomba na pini, unahitaji wati 970, na fundi wetu angenunua mota ya kilowati 1.1 akiamini ana akiba. Chini, hata hivyo, tani 7.1 zikivutwa kwa sentimita 3.4 kwa sekunde ni wati 2,380 kabla ya hasara yoyote. Ongeza hasara ile ile, unafika 3,170. Mota za kawaida sokoni zina kilowati 2.2, 3 na 4. Ile ya 1.1 haikuwa karibu hata kidogo.

Ya 3 inatosha au haitoshi? Hapa mafundi hugawanyika, na nadhani wote wana hoja. Mota ya umeme wa fezi tatu inavumilia kuzidiwa kwa muda mfupi. Ya kawaida hutoa msokoto wa mara 2 au zaidi ya ule ulioandikwa kabla ya kukwama. Kwenye meza yetu kipindi kigumu hakifiki sekunde 3. Kwa ghala lenye kiyoyozi, meza ikiinuliwa mara chache kwa saa, mimi ningefunga ya 3 bila kusita. Kwa ghala la bati huko Jeddah, mwezi wa Julai, na wapakiaji wasiopumzika, ningefunga ya 4. Sababu yake nitaifikia.

Kabla ya hapo, tumalizie pampu, kwa kuwa kasi ya lifti ya haidroliki haimo kwenye mota bali kwenye lita. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 80 ina eneo la sentimita za mraba 50. Kuisogeza sentimita 3.4 kwa sekunde kunataka mafuta lita 10.3 kwa dakika. Tani 7.1 juu ya eneo hilo ni presha ya baa 138. Juu kabisa ni baa 20 tu. Mota ya nguzo nne kwenye umeme wa Saudia huzunguka kama mara 1,750 kwa dakika ikiwa na mzigo, kwa hiyo pampu ya gia inayotoa sentimita za ujazo 6 kwa kila mzunguko itatoa lita 10.5 kama haivuji ndani. Hesabu imefunga. Ukitaka lifti ya kasi zaidi, weka pampu kubwa zaidi, lakini jua umeshaongeza mahitaji ya mota kwa kiwango kile kile. Mwendo haununuliwi dukani peke yake. Isitoshe una mwisho: kanuni za Ulaya za majukwaa ya kuinulia watu haziruhusu jukwaa kupanda au kushuka kwa zaidi ya mita 0.4 kwa sekunde, na kwenye X ni ule mwendo wa chini, wa kurukia, unaotakiwa kupimwa dhidi ya kikomo hicho.

Je, hakuna namna ya kuzidanganya sentimita za mwanzo? Ipo, tena zaidi ya moja. Ile rahisi ni kutoiruhusu meza ilale sana. Tungeiacha yetu ilale hadi nyuzi 5, ingeshuka sentimita 17 zaidi na kani ingepanda kutoka tani 7 hadi tani 14. Wateja wanapenda meza inayolala karibu na sakafu ili toroli lipande bila shida, na wana haki ya kupenda, ila mara nyingi ni nafuu kuichimbia shimo sakafuni kuliko kuinunulia silinda mara mbili.

Namna inayotumika zaidi ni kuiondoa silinda kwenye sakafu. Kwenye mashine nyingi za kuinulia watu utaikuta imefungwa kwa mshazari, kutoka chuma cha chini hadi chuma cha juu, karibu na katikati. Kwa mkao huo kanuni ya upana na kimo haifanyi kazi tena, lakini ile ya kazi haibadiliki. Chora lifti ikiwa imelala, kwa vipimo sahihi, kwenye karatasi kubwa. Ichore tena ikiwa imepanda sentimita 2. Pima silinda imerefuka kiasi gani kati ya michoro hiyo miwili. Ikiwa imerefuka nusu sentimita, kani ni mara 4 ya uzito. Ikiwa imerefuka sentimita 1, ni mara 2. Njia hii inafaa kwa mkao wowote wa silinda, na idadi yoyote ya X, na inahitaji penseli kali kuliko inavyohitaji shahada. Idadi ya X ina maana sana: lifti yenye X nne ikisukumwa kwenye ile ya chini kabisa, kama meza yetu, uwiano unazidishwa kwa 4. Hakuna mtengenezaji anayefanya hivyo kwa mashine ndefu. Silinda hupandishwa juu, hulazwa kwa mshazari, na wakati mwingine huwa mbili.

Namna ya tatu ni pampu pacha: mbili kwenye mhimili mmoja. Presha ikiwa kubwa, pampu kubwa inarudisha mafuta tangini bila kazi na ndogo peke yake inasukuma. Presha ikishuka, zote mbili zinaingia. Meza inaanza kwa upole, inaongeza mwendo inapopata nafuu, na mota ndogo inatosha. Wengi hufikiri kifaa cha elektroniki cha kupunguza mzunguko wa mota, inveta, kinafanya jambo hilo hilo. Hakifanyi. Inveta inapunguza mwendo, lakini msokoto unaotakiwa mwanzoni unabaki pale pale, na ukubwa wa mota unafuata msokoto. Kwa lifti ya skrubu, inayopandisha bila mafuta, hilo ndilo kosa la gharama zaidi: unalipia inveta, kisha unalipia mota kubwa.

Kushuka ni habari fupi. Mota hailali tu, haihusiki kabisa. Vali inafunguka, uzito unasukuma mafuta kurudi tangini, na tundu dogo linaamua kasi. Kwa hiyo lifti iliyopoteza umeme angani inaweza kuteremshwa na mtu aliye chini kwa kitasa cha dharura, ambacho mara nyingi kimepakwa rangi nyekundu. Muhimu kuliko kitasa ni vali ndogo iliyosokotwa kwenye mdomo wa silinda yenyewe, inayojifunga mafuta yakikimbia kupita kiasi. Hosi ikipasuka, ndiyo inayomzuia fundi asianguke na jukwaa. Anayekubali kufanya kazi chini ya mkasi bila kuufungia nguzo ya usalama hajakutana na hosi iliyopasuka.

Sasa turudi kwenye joto. Mota za kawaida duniani huandikiwa uwezo wake kwa hewa ya nyuzi 40 na mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari. Riyadh iko kwenye mita 600 hivi, Jeddah iko ufukweni. Kwa kimo hazina shida, tofauti na Nairobi, ambako hewa nyepesi ya mita karibu 1,700 inapoza mota vibaya kidogo. Shida ya Riyadh na Jeddah ni zile nyuzi 40. Riyadh inazipita kiangazi chote, na Jeddah mnamo tarehe 22 Juni 2010 ilifika nyuzi 52. Kwenye nyuzi 50 mota ya kawaida inapoteza asilimia 7 au 8 ya uwezo ulioandikwa. Ile ya kilowati 3 imekuwa 2.8 bila mtu kuigusa, na mzigo wetu unadai 3.17. Ndiyo sababu ya ile ya 4.

Mafuta yanaumia kuliko mota. Oili ya haidroliki inayouzwa kwa namba 46 ina uzito huo kwenye nyuzi 40 tu. Tangi likikaa juani hadi nyuzi 70, oili imekuwa nyepesi mara tatu hivi, na inapenya kati ya meno ya pampu badala ya kwenda kwenye silinda. Inavuja hasa pale presha inapokuwa kubwa, yaani chini, na lifti ya asubuhi na lifti ya alasiri zinakuwa mashine mbili tofauti. Saudia inapiga marufuku kazi za juani kuanzia saa 6 mchana hadi saa 9 alasiri, tangu tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Sheria hiyo inamlinda binadamu, lakini mashine inabaki nje. Saa 9 wafanyakazi wanaporudi, wanalikuta tangi limeiva. Kuiweka lifti chini ya turubai ni dawa ya bei ndogo ambayo sielewi kwa nini haitumiki zaidi. Wengine huhamia oili namba 68, na kwa kiangazi wana haki. Ila usiku wa Januari Riyadh hushuka chini ya nyuzi 10, na oili hiyo asubuhi inakuwa nzito kama asali, pampu inapiga kelele kwa kunyonya kwa shida, na lifti inapanda kwa kusuasua hadi ipate joto.

Miji hii miwili inaua lifti kwa njia tofauti. Riyadh ni vumbi: mchanga laini unaganda kwenye mti wa silinda uliolowa mafuta, unaingia nao ndani, na unakwangua sili hadi silinda inaanza kulia mafuta. Jeddah ni chumvi na unyevu. Pini za X zinashika kutu, msuguano unaongezeka, na ile robo ya hasara tuliyoikubali kwenye hesabu inakuwa theluthi. Lifti iliyokuwa ikinyanyua tani 1 bila taabu inakataa, na watu wanalaumu pampu. Grisi ingetosha.

Limebaki jambo moja, nalo linamhusu msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala kuliko wa Riyadh. Umeme wa Saudia ni wa hezi 60. Majirani zake wote wa Baraza la Ushirikiano la Ghuba wanatumia hezi 50, kiasi kwamba ilipounganishwa gridi ya pamoja mwaka 2009 ilibidi kujenga kituo cha kubadilishia umeme pale Al-Fadhili, mashariki ya Saudia, chenye uwezo wa megawati 1,800. Tanzania, Kenya na Uganda ni hezi 50. Kwa hiyo lifti iliyotumika Dubai ikiletwa Dar es Salaam inakutana na umeme inaoufahamu, na iliyotumika Jeddah inakutana na mgeni.

Mgeni huyo anafanya nini? Mota iliyozunguka mara 1,750 sasa inazunguka kama 1,450. Pampu yetu ya lita 10.5 inatoa lita 8.7, na zile sekunde 20 zinakuwa 24. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni volti. Mota iliyosukwa kwa volti 380 na hezi 60, ukiipa volti 400 za hezi 50, sumaku yake inashiba kupita kiasi, inakunywa umeme mwingi hata bila mzigo, na inaungua ndani ya siku chache. Kuna pia mashine za zamani za Saudia za volti 220 kwa fezi tatu, kwa kuwa nchi hiyo ilitumia 127 na 220 kabla ya kuanza kuhamia 230 na 400 kwa uamuzi wa mwaka 2010. Hizo zikichomekwa kwenye volti 400 bila kubadilishwa miunganisho haziungui kwa siku, bali kwa dakika. Wapo wanaoona lifti imepoteza kasi na kuiwekea pampu kubwa zaidi. Pampu hiyo inaidai mota msokoto isiyokuwa nao, na mahali pa kwanza pa kudaiwa ni chini, meza ikiwa imelala.

Hapa inveta inapata heshima yake. Ukiiweka kati ya umeme wa Tanzania na mota ya Saudia, na kuiamuru itoe volti 380 kwa hezi 60, mota inafanya kazi kama iko Jeddah.  Lifti ndogo za betri hazina tatizo hili. Genie GS-1930, kwa mfano, inayopandisha jukwaa mita 5.8 na kubeba kilo 227, inatumia betri nne za volti 6 zilizounganishwa kuwa volti 24, na mota yake haijui hezi ni nini. Chaja ndiyo ya kuchunguza.

Kwa hiyo ukiletewa lifti ya mkasi kutoka Saudia, usianze kwa kuijaribu ikiwa tupu, maana tupu itapanda hata ikiwa na mota ya kuchekesha. Ilaze hadi mwisho, uipakie mzigo wote ulioandikwa, ndipo uiamuru ipande. Kabla ya hapo soma kibao cha mota: kikionyesha volti 380 au 400 kwa hezi 50 pamoja na 440 au 460 kwa hezi 60, inafaa kwa umeme wa huku. Kikionyesha hezi 60 peke yake, ondoa bei ya inveta kwenye bei unayotajiwa. Na kama kibao kimeng'olewa au kimepakwa rangi juu, usinunue.